Mashine ya Anjela na Sauti ya Bura

Jumatatu, 4 Juni

Wewe Anjela, meza ya chakula si karakana! Nimemwambia hivyo asubuhi mbele ya babu yake, na narudia hapa kwenye daftari kwa sababu hakunisikia. Mjukuu wa miaka ishirini na mbili, ana cheti cha kompyuta kutoka Arusha, na bado anaweka bisibisi kando ya sufuria ya maziwa. Skrubu moja nimeikuta kwenye bakuli la chumvi. Na kama ningeimeza?

Anaunda kompyuta. Vipande kaja navyo kwenye boksi la sabuni, juu ya basi, kafunga na kanga niliyompa alipokwenda chuo. Vyote mitumba. Siku hizi kila kitu mitumba. Tulianza na makoti, tukaja viatu, sasa ni akili za mashine.

Sababu yake naijua. Ndiyo maana sijavitupa nje vitu vyake.

Bura, mume wangu, ana uvimbe kooni. Jumatatu ya tarehe 18 anakwenda hospitali ya rufaa, wamkate. Daktari kasema wazi: uvimbe utatoka, sauti huenda isirudi. Na sauti ya Bura si yake peke yake. Yeye ndiye anayesema slufay, ile sala ndefu ya wazee wetu Wairaqw, kwenye harusi, mvua ikichelewa, watu wakipatana baada ya ugomvi. Wengine wanajua vipande. Yeye anaijua yote, kama alivyoipokea kwa baba yake. Haijaandikwa popote. Mimi kuandika nilijifunza ngumbaru, nilijaribu, nikashindwa. Inakwenda kasi kuliko mkono wangu. Mwaka juzi tuliinasa kwenye kanda, redio ikaitafuna kanda.

Anjela anataka iingie kwenye kompyuta kabla babu yake hajaondoka. Siku kumi na nne.

Jumatano, 6 Juni

Imewaka. Na kelele zake! Mashine ya kusaga pale sokoni ina adabu zaidi.

Ndani kuna feni mbili ndogo zinazozunguka kama zimechokozwa. Anjela kanieleza. Akili ya mashine ni kidude cha mraba, kikifanya kazi kinapata moto. Juu yake kuna chuma chenye meno kama kitana, katikati kapaka dawa nyeupe kama ya mswaki. Joto linapanda kwenye meno, feni inalipeperusha. Feni ya pili iko nyuma, kwenye kisanduku kinachopokea umeme. Nimeelewa. Sikusoma sana lakini si mjinga.

Bura kahesabu moja mpaka kumi kwenye kinasa sauti. Tukasikiliza. Vuuuuu. Ndani ya vuuu kuna mtu anahesabu kama yuko ng'ambo ya bonde.

Bura kauliza, "Huyo nani anaongea nyuma ya lori?"

Nilicheka. Kisha nikaacha. Sauti yake imepungua hata bila lori.

Alhamisi, 7 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Anjela kakata sponji ya godoro la zamani, kaibandika ndani ya mashine izuie kelele. Kelele ikapungua, joto likapanda. Kaibandua. Siku imeisha hivyo. Nimechukia.

Jumamosi, 9 Juni

Leo nimefanya kitu sitaki kukiandika. Nakiandika.

Anjela alikwenda sokoni, kaiacha mashine inafanya kazi zake. Bura kalala kwenye jua uani. Nikabaki nayo peke yangu. Inanguruma, na baridi ya Mbulu mwezi huu hata ng'ombe anatetemeka. Nikaitazama. Nyumbani kwangu kila kitu cha heshima kina kitambaa. Redio ina kitambaa. Viti vina vitambaa. Ndoo ya maji ya kunywa ina kitambaa. Vyote nimefuma kwa mkono wangu. Yenyewe tu ndiyo iko uchi, na mgongoni imejaa matundu, vumbi linaingia.

Nikaifunika na kile kikubwa cha maua ya njano. Juu yake nikaongeza blanketi la Bura. Ikashuka sauti papo hapo. Nikajisifu: hawa wamesoma, na dawa nimeipata mimi. Nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Kurudi, kimya kabisa. Kioo cheusi. Blanketi lina moto kama mtoto mwenye homa. Harufu ya plastiki. Nikavuta kitambaa, hakitoki. Uzi umenasa nyuma, kwenye yale matundu ya kisanduku cha umeme. Nikaukata kwa mkasi. Nikakunja kitambaa, nikakificha kabatini chini ya mashuka.

Anjela kaja. Nikamwambia umeme umecheza.

Umeme haukucheza.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani sikuimba.

Mashine inawaka, baada ya dakika chache inazima. Inawaka, inazima. Anjela kafungua ubavu, feni ya kwenye akili inazunguka vizuri. Basi kaamua akili yenyewe imeungua. Kile kisanduku cha nyuma kimefungwa, hakukitazama. Anasema kesho anapanda basi kwenda Arusha kutafuta akili nyingine. Siku mbili au tatu, na huenda asiipate.

Alilia kidogo, akadhani sioni. Bura kampigapiga begani, kamwambia, "Acha, mama. Kama haikuandikwa sauti yangu ibaki, nitakaa kimya." Yaani mgonjwa ndiye anambembeleza mzima. Na mimi mwenye kosa nakoroga ugali.

Nimezeeka na uongo wa kitoto. Najionea aibu.

Jumatatu, 11 Juni

Niliamka Anjela keshaondoka. Nikajifunga kanga ya pili juu ya sweta, nikatembea mpaka stendi. Miguu yangu hii. Basi linapakia. Anjela kakaa dirishani na boksi mapajani.

Nikapiga kioo. "Shuka."

"Bibi, basi linaondoka!"

"Shuka nimesema. Akili haijaungua. Ni mimi."

Kashuka. Nikamwambia yote pale pale, watu wakisikia, afadhali waisikie kwangu. Kitambaa. Uzi. Mkasi. Kanitazama. Nilijiandaa kwa maneno, kwa mara ya kwanza nisingemjibu.

"Bibi. Uliifunika na kitambaa."

"Na blanketi."

Kacheka mpaka kaketi kwenye boksi lake. Konda kauliza kama kuna msiba. Nikamwambia ashughulike na mizigo ya watu.

Njiani kurudi kanishika mkono. Hakuniambia neno baya hata moja. Ningependa angeniambia.

Jumanne, 12 Juni

Fundi Lohay, yule wa redio sokoni, kaja nyumbani. Rafiki yangu wa zamani huyu, ngumbaru tulikuwa naye kalamu kwa kalamu, sasa ana mvi. Kakataza mtu asikiguse kisanduku cha umeme. Kasema kinaficha umeme tumboni hata kikichomolewa, na kinapiga. Kakifungua mwenyewe. Kavuta uzi wa njano kutoka kwenye feni, mrefu kama utumbo wa kuku. Kautundika juu ya msumari, kauliza, "Huu ni wa nani?" Akijua kabisa.

Nikamwambia, "Wa anayekupikia chai. Fanya kazi."

Feni ikazunguka. Mashine ikawaka, ikabaki imewaka. Asante Mungu. Nikamwongezea Lohay chai.

Kelele bado. Lakini Lohay kaleta neno la maana. Feni ndogo inapiga kelele kwa sababu inakimbizwa. Weka feni kubwa, ipe umeme mdogo, izunguke polepole; hewa ni ile ile, kelele hakuna. Anayo moja kubwa, kaitoa kwenye mashine iliyokufa ya ofisi.

Na mimi nikasema langu. Wameiegemeza ukutani, imekaa sakafuni, juu imezibwa. Moto unapanda, nani asiyejua hilo? Jikoni kwangu moshi una tundu la kutokea juu, na hewa inaingia chini ya mlango. Ukiziba kimoja unakohoa. Nikawaambia: inyanyueni juu ya matofali, ipumue chini. Toboeni juu, hapo ndipo feni kubwa ikae, inavuta joto litoke.

Lohay kamtazama Anjela. Anjela kamtazama Lohay. Wakachukua msumeno wa chuma.

Jumatano, 13 Juni

Siku nzima kukata bati na kupiga tupa. Vumbi la chuma hata kwenye uji. Sijalalamika. Nimelalamika mara moja.

Kuna kitu ndani kinachotunza kumbukumbu, nacho kinatetemeka, na mtetemo unaliza bati lote. Anjela kachana tyubu ya baiskeli ya babu yake, kakining'iniza katikati kama mtoto mgongoni. Kikatulia.

Bura kauliza baiskeli ataiendesha vipi. Nikamwambia aanze kwanza kupona.

Alhamisi, 14 Juni

Imewashwa tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe wamerudi. Sikio langu nimeliweka juu ya bati. Kuna pumzi ndogo tu, kama ndama amelala. Kile chuma chenye meno Anjela kanishikisha kidole: vuguvugu, kama maziwa yanayotoka kwenye chuchu. Basi.

Bura kahesabu tena mpaka kumi. Tukasikiliza. Bura peke yake, kama ameketi hapa. Na kweli alikuwa ameketi hapa, lakini nimemgeukia mara mbili kuhakikisha.

Kesho anasema sala.

Ijumaa, 15 Juni

Hakusema.

Tumefunga madirisha. Jogoo yuko chini ya tenga, watoto wa jirani nimewafukuza. Chumba kimya kabisa, mashine kimya, Anjela kimya. Bura kafungua mdomo, kasema maneno mawili, kanyamaza. Kaanza tena, kanyamaza. Jasho. Nikadhani ni koo.

Si koo. Kasema, "Nani ananiitikia?"

Tumekuwa wapumbavu wote wanne, na Lohay ndani. Sala hii mzee anasema, watu wanaitikia, anasema, wanaitikia. Bila kuitikiwa haisimami. Wiki nzima tumehangaika kutafuta kimya, na kimya ndicho kimemkaba. Anjela anamtaka aseme na ukuta! Na mimi niliyeisikia miaka arobaini sikulikumbuka hilo.

Bura kasema labda imekwisha, tuache. Nikamwambia maneno hayo ayaachie hapo hapo. Nikatoka. Nimezunguka nyumba tano kwa miguu. Kesho saa tatu. Nimewaambia wazee: asiyekuja, asije kwenye mazishi yangu.

Jumamosi, 16 Juni

Wamekuja saba. Shikamoo nyingi, viatu vingi mlangoni. Pombe ya mtama nimeichukua kwa jirani, maana sala hii haisemwi kwa soda. Bura hakunywa, daktari kamkataza, lakini kashika kibuyu chake mkononi kama inavyopasa.

Lohay kasimama karibu na swichi akiomba umeme usikatike. Anjela kawasha kinasa sauti.

Bura kaanza chini. Wakaitikia. Akapanda. Wakaitikia. Kasema milima, kasema maji, kasema ng'ombe, na wanaokufa na wanaozaliwa. Sauti ilikwaruza, ikakatika mahali pamoja. Wale saba wakaitikia kwa nguvu zaidi, wakamshika hapo hapo kwa sauti zao mpaka akapata pumzi. Akaendelea. Akafika mwisho. Yote.

Anjela kabonyeza. Tukasikiliza. Yupo. Na wao wapo. Lori hakuna.

Mzee mmoja kauliza Bura wa ndani ya bati anakula nini. Wakacheka wote. Mimi nikaenda jikoni. Nimelia, basi. Si huzuni. Ni kama kutua mzigo wa kuni uliopanda nao kilima kizima.

Jumatatu, 18 Juni

Kaondoka na mwanangu mkubwa, baba yake Anjela, aliyekuja kutoka Mogitu kumchukua. Kasema kwaheri kwa sauti yake. Nimeisikia vizuri.

Alhamisi, 21 Juni

Simu ya Anjela imelia saa nane mchana. Wamemkata. Kaamka. Uvimbe si ule mbaya. Nimemwambia mwanangu arudie. Karudia. Nikamwambia arudie tena.

Ng'ombe nimemkamua nikiimba.

Jumapili, 8 Julai

Bura yupo nyumbani wiki sasa. Haruhusiwi kusema mpaka daktari amwone tena. Anaonyesha kwa mkono. Nimeongea kwa niaba yetu wote wawili, hainisumbui.

Leo baada ya kanisa aliketi kwenye jua, shingo imefungwa skafu. Anjela akafungua dirisha, akaiwasha sala. Bura akasikiliza, macho kayafumba. Wazee wakaitikia ndani ya mashine. Nami, nikimenya viazi, nikaitikia. Mwanamke haitikii hiyo, najua. Hakunikataza. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mwishoni akatoa sauti, nyembamba kama uzi, neno moja tu: "Chai." Nikamgombeza, daktari kakataza. Kisha nikamletea.

Kuna sauti. Kidogo, lakini ipo.

Sasa jambo hili halifai kukaa kwenye nyumba moja. Kesho Anjela achome sidii mbili kabla hajagusa kazi nyingine: moja iende Mogitu kwa baba yake, moja wapewe wale wazee saba. Na juu ya kila moja aandike jina kamili la babu yake, kwa herufi kubwa, nilisome mimi mwenyewe kabla halijatoka mlangoni.