Kwato ya Mbuzi wa Bibi Ukutani

Kamwene Bibi, na shikamoo juu yake!

Neema nimemfikisha chuoni Iringa salama. Baridi ya hapa inauma masikio, mpaka nimelikumbuka joto lenu la Chunya na vumbi lake.

Leo mwalimu mmoja, mama mcheshi kweli, aliwatembeza wanafunzi wapya, nami nikajiunga. Akatusimamisha kwenye lile jengo la matofali lililokuwa shule ya misheni kabla ya chuo kuja. "Wakati wa ukarabati mafundi walitaka kulipiga lipu lote," akasema. "Tukakataa kwa sababu ya tofali hili. Mbuzi alilikanyaga likiwa bichi, ila hatujui alikuwa wa nani."

Bibi, Neema akapaza sauti mbele ya watu wote: "Wa Bibi yetu!"

Ikabidi nisimulie kwamba ulikulia hapa Iringa kabla ya kuhamia Chunya, na ulivyoachiwa matofali ya shule hiyo uyalinde yakauke, wewe ukaenda kuchuma masuku, mbuzi wenu akayapitia, na fundi akakufyatulisha mengine. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Kibao cha mlangoni kina majina ya wamisionari tu. Anataka aongeze lako, na anauliza mbuzi aliitwa nani.

Kula ushibe, Bibi, na usibebe ndoo kubwa. Na Babu, anayesema miaka yote kwamba hadithi hiyo umeitunga, mwambie nimeingiza kidole changu kwenye alama ya kwato ya mbuzi wako, kikaenea.

Mjukuu wako,
Tuli