Vumbi Litokalo Motoni

Kaka yangu mpenzi,

Huku sisi wazima, na mwanangu ameota jino. Mkuu wetu wa maabara, mama yule mkimya, huyeyusha chumvi ya madini katika spiriti, akainyunyiza motoni. Hutoka vumbi laini kuliko unga, kichocheo cha kusafisha moshi wa magari. Mara arobaini lilishindwa. Leo tumelipitishia moshi wa injini, na kipimo hakikuona sumu. Sisi tukashangilia, yeye akasema, "Turudie, isije ikawa bahati tu." Tukarudia, ikawa vilevile. Nilimvulia kofia.

Nikakukumbuka wewe na moshi wa gereji yako. Wifi ameniambia unakohoa damu. Vumbi letu litachukua miaka kufika huko, kaka. Usilingoje. Nenda hospitali kesho.

Nduguyo wa kike, mwenye hofu juu yako.