Modemu Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kapiga simu asubuhi. Hata salamu hakumaliza. Faksi ya chumba cha habari imekufa na haitanunuliwa nyingine. Sisi waandishi wa mbali sote tutume habari kwa modemu, kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia waya wa simu. Ya kwanza imfikie kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa hii. La sivyo kituo changu kinafungwa.

Kituo! Ni meza moja, dirisha moja, na kompyuta ambayo mhasibu wa gazeti aliikataa miaka sita iliyopita.

Nikamuuliza: na Bi Nukta je? Akajibu kwamba meza yake inaondolewa Ijumaa hiyo hiyo, na simu yake inakatwa saa kumi na moja.

Bi Nukta ni karani anayepokea habari zetu kwa simu. Unasoma, anapiga chapa. Miaka kumi na sita tunafanya hivyo. Sijawahi kumwona uso. Hapokei sentensi bila kutajiwa nukta yake, ndiyo asili ya jina. Na kwenye habari ya msiba hukusimamisha kila mara: "Nani amekufa, nani yuko hai? Haya, nitajie tena." Lazima utaje mara mbili. Hukera sana ukiwa na haraka.

Modemu ikikubali, yeye anatoka. Ikikataa, tunatoka wote wawili. Basi ikubali.

Jumanne, 4 Machi

Fundi kaja saa tatu. Zamani alikuwa wa redio, sasa anasema redio hazina maisha. Kafungua kasha, kapuliza vumbi, kaguna kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, hii mashine umeirithi kwa bibi?"

Programu ya modemu inataka kumbukumbu mara mbili ya iliyomo. Kaongeza kibao kimoja cha kumbukumbu. Kawasha. Kioo cheusi, na mlio: tii, tii, tii. Kachomoa, kachomeka, kaapa kwamba kibao ni kizima. Tii, tii, tii. Saa nzima!

Mume wangu karudi kutoka shule anakofundisha hesabu. Kasimama mlangoni na chaki bado vidoleni, kauliza kama tunafuga ndege. Kisha kachukua karatasi ya maelezo iliyokuwa chini ya kikombe cha fundi, kaisoma. Vibao huingia kwa jozi. Viwili viwili, vinavyolingana.

Fundi kasema alikuwa anakaribia kulisema hilo.

Jumatano, 5 Machi

Jozi imepatikana. Bado tii, tii. Mume wangu kasugua meno ya shaba ya vibao kwa kifutio cha penseli, taratibu, kama anafuta jibu la mwanafunzi. Kaviingiza mpaka vikalia ka! pembeni. Mashine imewaka. Imehesabu kumbukumbu yote. Fundi kampigia saluti: "Mwalimu, acha shule, nitakuajiri."

Ikaja zamu ya modemu, kadi ya kuchomeka ndani. Modemu ikiwa hai, kipanya kinakufa. Kipanya kikiwa hai, modemu haionekani. Vinagombea mlango mmoja wa mashine. Fundi kahamisha kijipande cha plastiki kwenye kadi mara nne, na mara zote nne mmoja kafa. Kachoka. "Chagua, dada. Huwezi kuwaoa wote."

Nimechagua modemu. Kipanya kiko kwenye droo.

Alhamisi, 6 Machi

Modemu haisikii laini ya simu. Mimi naisikia, jirani nikimpa simu yangu anaisikia. Modemu, hapana!

Fundi kalaumu posta, kalaumu nguzo, kalaumu mvua ya juzi. Saa sita nikapiga magoti nyuma ya mashine na tochi. Kadi ina matundu mawili, moja lina picha ya simu, lingine ya ukuta. Waya wa ukutani ulikuwa kwenye tundu la simu. Nimebadilisha. Ikapiga filimbi, ikakoroma, ikashika.

Nimemwonyesha fundi picha. Kasema ni ndogo mno.

Saa nane boila ya kiwanda cha sabuni imepasuka. Nimekimbia na daftari. Nimerudi jioni nanuka magadi. Nikampigia Bi Nukta kumwambia kwamba hii ya kesho haitapita kwake. Nikasikia akivuta kiti. Kisha: "Sawa, mwanangu. Lakini mimi kitini nipo mpaka saa kumi na moja."

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi. Nimeandika habari ya kiwanda, ukurasa wa pili mashine ikaganda. Yote imepotea.

Saa sita. Nimeandika tena. Imeganda tena! Mume wangu kasugua vibao upya. Hakuna aliyecheka.

Saa tisa na nusu. Mara ya tatu, kwa haraka, kutoka kichwani. Daftari sikuligusa, nilishaijua kwa moyo. Nimehifadhi kila mstari, na nimechapa nakala kwenye karatasi kama ushahidi. Mhariri kataka habari zangu zote za wiki kwa mkupuo mmoja. Mkupuo ukikatika, programu inatupa kila kitu.

Saa kumi na robo. Inatuma! Laini mbovu, kila kipande kinarudiwa. Programu inasema itamaliza saa kumi na moja kasoro dakika moja. Kurasa zinafungwa saa kumi na moja kamili. Mhariri alijisifu kwamba sasa habari itatoka kwangu hadi ukurasa wa kwanza bila mkono wa mtu katikati.

Saa kumi na dakika thelathini na tano. Asilimia arobaini na nane. Nimefungua daftari kupitisha muda.

Daftari: wawili wamekufa, saba wamejeruhiwa. Daktari wa zamu kanitajia, nikazungushia duara.

Karatasi, mstari wa kwanza: saba wamekufa, wawili wamejeruhiwa.

Nimesoma tena. Ndivyo ilivyo.

Watano kati ya hao saba wako wodini wanapumua. Majina yao yamo, yote, chini ya neno marehemu. Nyumbani kwao watasoma kesho.

Simu nyingine ya karibu ni ya posta, imefungwa tangu saa kumi. Ya mhariri saa hizi haina nafasi. Jana nilijaribu mara kumi na tisa. Dakika moja baada ya mkupuo haitanitosha kutaja majina yote. Bi Nukta hupokea mlio wa kwanza. Ila nikiinua simu hii, modemu inakatika, hakuna muda wa kuanza upya, na kituo kinafungwa.

Asilimia hamsini na tano. Mume wangu kauliza kuna nini. Nimempa karatasi na daftari. Kaviweka sambamba, kama anasahihisha. Kavua miwani.

Saa kumi na dakika arobaini na moja. Mkono wa kushoto uko juu ya simu, wa kulia unaandika hapa. Bi Nukta bado yuko kitini. Nimeanza kuijaribu kwa sauti: wamekufa wawili, nukta. Wamejeruhiwa saba, nukta.

Tena. Wamekufa wawili,