Sufuria Kubwa ya Kilio

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Nimeamuka, nimekunja mukeka, nimekaa. Hii njo kazi yangu sasa, kukaa. Mama-mukwe amefagia, amenipa uji, akajikalia ku upande yake ya chumba. Hatuongee. Tangu tumuzike Asukulu bwana yangu, mi na mama yake tunalala mu chumba moja kama bafungwa babili benye habapendane.

Nyuma ya nyumba hangar yangu, ile banda ya kupikia sabuni, imenyamaza. Mafuta ya mawese inaharibika mu madumu. Mi Wabiwa, mupishi ya sabuni, mwenye bamama ba muji ya Baraka banamujua kwa harufu ya nguo yao, mikono yangu inaanza kuwa laini kama ya muke ya mukubwa fulani. Nikiiangalia nasikia hasira.

Mvua tangu asubui.

Jumanne, tarehe 4

Niandike, pengine kichwa itatulia. Kwa bantu ba bwana yangu, mwanamuke mwenye kufiwa hatoke mu lupango, ndani ya uzio ya nyumba. Hashike moto, hafike ku soko. Anangojea mukubwa ya jamaa akuje kuondosha kilio. Siku hiyo ananyolewa, anapelekwa ku ziwa, anaoga, imekwisha, anarudilia maisha yake. Sikatae desturi. Asukulu alinipenda, nami nilimupenda, kilio yake naibeba.

Lakini mukubwa ni Muzee Alimasi, baba mudogo ya Asukulu, na iko kule Fizi, ku mulima. Alipashwa kushuka juma iliyopita. Njia ya Fizi imefungwa, bunduki inalia kule, hakuna pikipiki inapanda wala inashuka. Réseau ya simu ya Fizi nayo imekufa. Naita, naita, bule.

Basi nangojea ruhusa ya kutoka kwa muntu mwenye yeye mwenyewe hawezi kutoka. Ingekuwa maneno ya muntu mwingine ningecheka.

Alhamisi, tarehe 6

Faida amenimaliza. Faida ni mama mwenye tunatumika naye kazi mu hangar. Nguvu iko, akili inachelewa kidogo. Asubui alijiambia atapika sabuni yeye peke yake, mu sufuria ya aluminium yenye aliazima kwa jirani. Soude mu aluminium! Soude, ile dawa kali yenye inageuza mawese kuwa sabuni, inakula aluminium. Nilisikia harufu, nikakimbilia dirisha, nikapiga makelele mpaka sauti ikakauka. Kutoka siwezi. Nikaona kwa macho yangu povu nyeusi inapanda, sufuria inatoboka, na soude yetu ya mwisho inamwangika mu matope. Faida akakaa chini, akalia. Mama-mukwe, mara ya kwanza tangu mazishi, nikaona mudomo yake inacheza. Alikuwa anazuia kucheka, ule mama.

Sabuni inapikiwa mu chuma. Na chuma yangu ni Pamba.

Pamba ni sufuria, lakini kubwa, muntu muzima anaweza kuchuchumaa ndani. Zamani, wakati bazungu balikuwa na mashini ya pamba huku kwetu, ilipikia bafanyakazi uji. Babu yangu alikuwa mupishi pale. Bazungu bakaenda, sufuria ikabakia na babu, na jina ikabakia nayo. Nyanya yangu alipikia ndani sabuni ya majivu, mama yangu akapikia ya soude, mi nikairiti. Niliingia nayo mu ndoa. Hakuna ingine kama hiyo kando ya ziwa, toka Swima mpaka huku.

Sasa iko inje, kifudifudi, mvua inaipiga mugongo. Ni mi niliifanyia hivyo.

Ijumaa, tarehe 7

Shemeki Mmunga alifika. Ndugu mudogo ya Asukulu, mwenye boti. Viatu safi mu matope hii yote, sijui anapita wapi. Alikaa, akauliza afya yangu, akakohoa. Nikajua amekujia Pamba.

Siku Asukulu alikufa, bamama balitafuta kintu ya kupashia maji ya kumuosha. Kichwa yangu haikuwa fasi yake. Nikasema chukueni Pamba. Mi mwenyewe, kwa mudomo yangu. Hata mutoto ya huku anajua: sufuria yenye imeshika maji ya marehemu inakuwa ya kilio. Inapinduliwa, inalala kifudifudi, na mukubwa ya jamaa njo atasema inaenda kwa nani. Najua hiyo tangu nanyonya, na nikasahau. Ingekuwa ile aluminium ya jirani, leo ni jirani angelia.

Mmunga anasema kwa vile Muzee Alimasi hawezi kufika, mukubwa mu Baraka ni yeye. Amepata muntu ya Kalemie mwenye anakata chuma, anatengeneza nanga na milango. Baaskari bakifungua ziwa tu, Pamba inapakiwa mu boti. Alisema hiyo akiangalia viatu yake. Kisha akaniambia nisiogope, jamaa haitanitupa.

Amekwisha kuenda. Sasa hivi njo matusi inanikujia, yote, mizuri mizuri.

Jumapili, tarehe 9

Baaskari balifunga ziwa tangu vita ishuke upande ya Makobola. Boti haitoke, mitumbwi haitoke. Leo mu kanisa ya jirani pasteur aliomba kwa sauti kubwa, nilimusikia toka hapa. Mungu afungue ziwa, bantu bapate chumvi, bagonjwa bapate dawa. Bote bakaitika amina. Hata Faida, sauti yake naijua.

Mi niliomba Mungu aifunge. Afungue kwanza njia ya Fizi, Muzee Alimasi ashuke, aseme Pamba ni ya Wabiwa, kisha ziwa afungue vile anapenda. Ni maombi mubaya. Batoto bagonjwa biko mu hii muji. Niliomba tu hivyo hivyo.

Jumatano, tarehe 12

Nilijaribu kutoka. Nilisema nafika tu kwa chef ya quartier, kiongozi ya mutaa yetu, namueleza maneno ya Pamba, narudi. Nilifunga kitambaa ku kichwa, nikafika ku mulango ya lupango. Mama-mukwe alikuwa amesimama pale. Muzee vile, mukondo vile, lakini mulango yote aliijaza.

Nikamwambia yote yenye nilikuwa nimemeza. Kama ananichukia juu sikumuzalia Asukulu mutoto, aseme. Kama iko upande ya Mmunga, aseme. Kila asubui namuona anasukuma kintu chini ya mukeka yake nisione. Nikamwambia na hiyo. Nilimwita mwizi.

Alingojea nimalize. Hakupandisha sauti.

"Ukitoka mbele kilio iondoshwe, batasema ni we ulimuua. Mi nabajua bantu betu. Kisha utakaa wapi?"

Akarudisha ule muti yake wa kufungia mulango. Nikarudi kukaa. Nilijua mama moja mwenye balimuchomea nyumba kwa maneno ya namna hiyo, na hakuna mwenye alimutetea. Siku yote sikula. Haya na hasira pamoja, sijui ipi iko nyingi.

Jumamosi, tarehe 15

Asubui Faida alikuja mbio toka soko. Banasema pikipiki moja imeshuka toka Fizi! Nilichana nywele, mi mwenye siruhusiwe kuchana. Mangaribi akarudi, macho chini. Ilikuwa pikipiki ya hapa hapa Baraka. Bantu balidanganyika juu ilikuwa na matope.

Matope, Mungu wangu. Kila kintu iko na matope.

Jumatatu, tarehe 17

Ziwa imefunguliwa. Upande ya kusini tu, kwenda Kalemie. Nilisikia mashini ya boti mbele Faida anieleze. Bamama banapiga vigelegele ku njia, nabasikia, banacheka kama siku ya arusi.

Nilijifunika shuka mpaka ku kichwa.

Jumanne, tarehe 18

Balikuja bane. Mmunga, muntu ya Kalemie, na babebaji babili na kamba. Mi nilikuwa ku dirisha, fasi yangu. Muntu ya Kalemie alipiga Pamba na ngumi asikie kama chuma ni nzima. Ikalia. Hiyo sauti naijua tangu nizaliwe.

Hapo mama-mukwe akatoka mu nyumba. Alitembea bila haraka, akafika, akaikalia. Juu ya mugongo ya Pamba, kama ku kiti. Mmunga alimwambia ainuke, hii ni maneno ya banaume ba jamaa, sufuria ya kilio inafunuliwa na mukubwa peke yake. Alimwambia kwa heshima, lazima niseme ukweli. Mama hakuinuka.

"Maji ya kumuosha nilipasha mi," akasema. "Na mimba yake nilibeba mi. Alimasi alibeba nini? We ulibeba nini?"

Akateremuka. Akaingiza vidole chini ya mudomo ya Pamba, akavuta. Haikutikisika. Akavuta tena. Babebaji balikuwa banaangalia chini. Mmunga angeweza kumuondosha kwa mukono moja, lakini nani atasukuma mama yake mbele ya majirani, mama amulani? Alisimama tu, na funguo ya boti mu mukono.

Sikufikiri. Nilitoka. Nilipita ku mulango, nikashika upande ingine. Chuma baridi, matope, pumzi ya mama-mukwe karibu na sikio yangu. Faida akakuja akaongeza mabega. Tukaipindua. Chini yake majani ilikuwa nyeupe, na chura moja akaruka, akaenda.

Mama-mukwe akachota maji mu dumu, akamwanga ndani ya Pamba, akaita jina ya mutoto yake mara moja. Kisha akaniambia nipige magoti. Alikuwa na wembe mu kanga, sijui tangu siku gani. Alininyoa pale pale, mu mvua kidogo, banaume banaangalia. Alipomaliza alisema kilio imekwisha. Mmunga njo aliondoka wa kwanza. Muntu ya Kalemie akamufwata na kamba zake.

Sikuwa nimelia tangu mazishi. Leo nililia mpaka kamasi.

Ijumaa, tarehe 21

Nilifika ku ziwa, nilifika ku soko. Bamoja bananisalimia, bengine banageuza uso. Banasema kilio yenye kuondoshwa na mwanamuke ni ya bule. Lakini neno ile ya kumuua bwana, sijaisikia. Mwenye kuvunja desturi ni mama ya marehemu mwenyewe, basi banasema juu yake, si juu yangu. Nafikiri alijua. Nafikiri alihesabu hiyo tangu ile siku ya mulango.

Soude hakuna, njia ya Uvira, kwenye inatoka, ingali imefungwa. Tunachoma maganda ya ndizi na mikungu ya ngazi, ile tunda yenye inatoa mawese, tunachuja majivu, kama nyanya yangu alikuwa anafanya. Mama-mukwe anajua hiyo kazi kunipita. Ananikosoa siku yote. Moto mukali, punguza. Koroga upande moja. Nikamwambia hii hangar ni yangu. Akaniambia nikoroge.

Jumapili, tarehe 30

Mama moja muuza maharagi alishuka toka Fizi kwa miguu, njia ya pori. Alibeba neno ya Muzee Alimasi. Pamba ikae kwangu, hataki kintu yenye bamama bameshika hivyo. Lakini mama-mukwe asipande tena kwake Fizi. Nyumba yake ya Fizi imepewa muntu mwingine. Mwanamuke mwenye kujiweka fasi ya bakubwa hana fasi kwao.

Mama-mukwe alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mihogo yake nyuma ya nyumba ilipaliliwa. Ule mama akasema hajui.

Mi nilifunguliwa, na yeye njo amefungiwa inje. Nikamwambia pole, mama. Akajibu uji inapoa.

Mangaribi tulitoa sabuni ya kwanza. Nyeusi, laini, inanuka majivu, lakini povu iko. Mama-mukwe alichukua bonge moja, akaingia mu chumba, akainua mukeka yake. Ile kintu yenye alikuwa anaficha ilikuwa shati ya Asukulu. Ile alivaa siku aliugua. Tulipofua nguo zote za marehemu aliificha tusiifue. Aliipeleka ku pua, akakaa hivyo. Nami nilimwita mwizi.

Tukashuka pamoja mpaka ku ziwa. Alifua yeye, polepole, kola kwanza. Mi nilishika mukono ingine ya shati, isichukuliwe na maji.