Ukucha Mwekundu Mlimani Deogyu

Dada Haewon,

Mama hajambo, ila kuchachusha kabichi za kimchi mwaka huu kumemtoa jasho. Baada ya kumaliza shule, rafiki yangu Yeseul, yule kijana Taegyom na mimi tulipanda Mlima Deogyu. Tulipokuwa tukitembea juu kwenye mgongo wa mlima, theluji ya kwanza ikaanza kuanguka.

Yeseul akavua glovu upesi. "Oneni! Bado ipo!" Rangi ya yale maua ya kupaka kucha uliyotufunga vidoleni wakati wa joto ilikuwa imebaki nchani mwa ukucha wake, nyembamba kama uzi.

Taegyom akacheka. "Loo, rangi imedumu hadi theluji ya kwanza, basi penzi lako la kwanza litatimia! Nani huyo mwenye bahati mbaya?"

"Mjinga wewe! Kwani namtazama nani?"

Masikio yakamwiva Taegyom kwa haya. Akanigeukia mimi. "Na wewe, Boram?"

"Mimi nilikata kucha zote."

Nilidanganya. Wekundu wangu ulikuwa mpana kuliko wa Yeseul, na niliulinda miezi yote kwa ajili ya Taegyom huyohuyo. Wakateremka wameshikana mikono, eti njia inateleza. Nilitamani iteleze kweli.

Dada, wewe unayajua mambo haya: theluji humhesabu aliyeonyesha tu, au hata aliyeficha mkono?

Mdogo wako anayengoja jibu,
Boram