Ngege Wawili Ndani ya Bustani Yangu ya Maji

Alhamisi jioni. Mvua ya mawe imetwanga mabati tangu saa tisa, mtaa wetu wote wa Langas ni matope, na stima imerudi sasa hivi. Nyumba nzima inanukia supu ya samaki. Mimi siwezi kuimeza.

Nianze na Jumamosi iliyopita, maana hasira yangu ina mpangilio.

Mama Chebet, anayejenga hoteli upande wa Kesses, alikuja kuona tangi langu la samaki. Anataka kubwa kuliko hili kwa ukumbi wake, na nikipata hiyo kazi nitaachana na kuchomelea mageti ya watu. Langu ni la lita mia tatu. Vioo nilikata mwenyewe, stendi nikachomelea mwenyewe, na hiyo mimea nimeilea miaka miwili tangu ikiwa vijiti. Ndugu zangu walicheka: "Huyu analima nyasi ndani ya maji na hana hata ng'ombe." Hakuna aliyenishika mkono.

Hakuna.

Mama Chebet aliyasifu majani, kisha akasema, "Lakini fundi, hawa samaki ni wadogo sana. Mgeni akiwa meza ya mbali ataona nyasi tu. Weka wakubwa kidogo, nirudi Jumamosi ijayo nione."

Alisema ukweli. Nilikuwa na samaki aina ya neon thelathini, na hakuna hata mmoja anayefikia urefu wa njiti ya kiberiti. Basi Jumatatu nikaenda mjini kwa mwenye duka la samaki. Akanisukumia samaki anayeitwa oscar. "Boss, huyu ni mkubwa, mrembo, na anakujua mpaka uso." Nikamuuliza kama atawala neon wangu. Akacheka. "Boss, wewe ukiwekwa chumba kimoja na chapati, utaziangalia tu?"

Watu hupima samaki kwa urefu. Mimi napima mdomo. Samaki akimmeza mwenzake si ubaya wa moyo, ni kwamba ametoshea. Samaki wa angel ni mpole akiwa mdogo, lakini akikomaa mdomo wake unatosha neon. Discus anataka maji ya nyuzi ishirini na tisa usiku na mchana, na hapa Eldoret, na hii baridi, stima ikipotea kwa muda wa saa nne tu nitakuwa namzika. Nikachagua gourami wa madoadoa ya lulu, wanne. Anafika sentimita kumi na moja, mdomo wake ni mdogo, hafukui mchanga, na anapenda kivuli cha majani. Nikakubaliana na mwenye duka kwamba nitawachukua Ijumaa.

Hesabu ilikuwa sawa. Kabisa.

Jumanne mama mkwe akafika kutoka Bungoma. Mke wangu Nekesa amejifungua wiki iliyopita, na mama amekuja kumwangalia mzazi. Sasa, kwetu Wabukusu, mimi na mama mkwe hatupeani mkono wala hatukai chumba kimoja. Yeye yuko jikoni, mimi niko sebuleni lilipo tangi, na neno lolote linapitia kwa Nekesa. Nekesa akaja na mtoto wetu Wekesa kifuani: "Mama anasema ameleta samaki wakubwa kutoka kwa kidimbwi chake. Wako hai. Anasema usiwaache wafe."

Kwenye mtungi wa plastiki uliokatwa shingo walikuwa ngege wawili, kila mmoja mrefu kuliko kiganja changu kimoja na nusu.

Nilijua. Ngege anakula majani, na anachimba mchanga kama ameajiriwa na kaunti. Lakini nikajiambia, mama amesikia kwa bintiye kwamba natafuta samaki wakubwa, amewabeba safari yote hiyo akilinda maji yasimwagike. Mkwe gani anakataa? Utamrudishia vipi zawadi mtu ambaye huwezi hata kumwangalia usoni?

"Mwambie Mama asante sana," nikasema. Nikawatia ndani.

Jumatano niliondoka mapema kwenda kumwekea mteja geti huko Burnt Forest. Niliporudi, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nyasi fupi ya mbele, ile iliyochukua miezi minane kutandaa, ilikuwa inaelea juu. Neon nilihesabu tisa. Nikawaacha humo, kwa heshima.

Leo mchana nikasikia sauti ya mama mkwe jikoni, kwa makusudi ya kunifikia: "Nekesa, muulize bwanako. Hao samaki niliwaleta wakiwa hai ili mzazi anywe supu freshi, ama niliwaleta wakae kwa kioo kama mawaziri?"

Walikuwa wa supu.

Walikuwa wa supu tangu Jumanne. Wangekaa kwa beseni usiku mmoja na asubuhi wawe kwa sufuria. Neno moja tu la kuuliza, na sikuuliza. Nekesa naye alidhani mimi nimeelewa.

Kuwatoa ndiko kulimaliza kilichobaki. Nililazimika kuinua mawe yote, na kila nikipeleka wavu, ngege alikimbilia kwenye mizizi. Sasa wameliwa. Nimepima maji, amonia, ile sumu ya uchafu wao, iko juu. Nikiwatia gourami kesho, Jumamosi Mama Chebet atakuta samaki wakubwa kweli, wakihema juu ya maji. Nisipowatia, ataona tope na neon tisa.

Nimekaa mbele ya hiki kioo tangu mvua ianze. Sioni mlango wa kutokea.

Nilimpa Nekesa simu ampigie Mama Chebet, aseme mimi ni mgonjwa. Akaniangalia, mtoto begani. "Baba Wekesa, tena unataka kupitishia kwangu?"

Nikaichukua simu.

Kesho, kabla ya chai, nitampigia mwenyewe. Nitamwambia tangi limeharibika, nitamwambia kwa nini, na kwamba gourami watabaki dukani mpaka maji yapone. Huenda akacheka. Huenda akatafuta fundi mwingine.

Lakini akinikataa, nataka nisikie kwa masikio yangu.