Friji ya Chumbani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka, nimesali, nimebandika chai, nimefungua friji nitoe maziwa. Maziwa yameganda, yamegeuka mala. Samaki wa jana hata sitamwandika. Taa ya ndani inawaka lakini injini iko kimya. Nimeipiga teke ubavuni, pale petu pa siku zote. Kimya. Nimerudia. Kidole cha mguu kinauma hadi sasa.

Mama Njeri, jirani mwenye duka, amenipa nafasi katika friji yake ya soda. Samaki amekwenda kwa paka wake. "Mwalimu, hiyo kitu imezeeka, tupa tu." Mama Njeri alikuja Nyamasaria kutoka Nyeri na biashara yake kichwani. Kwake kitu kisichouzika ni takataka. Nampenda hata hivyo.

Friji hii inakaa chumbani mwangu, kando ya kitanda. Watu huchekea hilo. Mume wangu, Baba Awuor, aliiweka hapo tulipohamia, kwa sababu soketi ya sebuleni ilikuwa inatoa cheche. Soketi ilipokuja kutengenezwa tulikuwa tumeshaizoea. Inaanza kwa kukohoa, chupa zinagongana, halafu inatulia na kuimba chini chini. Tangu Baba Awuor afariki, hiyo ndiyo sauti pekee chumbani isiyo yangu.

Sitaki friji nyingine. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa tayari kwa lolote.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Otieno, fundi wetu wa Manyatta. Ameitibu friji hii tangu Baba Awuor akiwa hai. Mume wangu alikuwa akikaa kitandani kumshikia tochi, wanabishana mpira, mimi niko jikoni na samaki. Otieno hajawahi kutoka kwangu bila kula. Kichwa cha samaki anakinyonya hadi paka anakata tamaa.

Simu imeita sana kabla hajashika. Kwa kawaida ni "Mathe, mgonjwa anaendeleaje?" na kicheko juu. Leo: "Nitakuja, Mama. Nitakuja tu." Sauti ya mtoto aliyeitwa ofisini.

Joto kali. Chumba kimya mno. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Otieno amekuja na shati jeupe, amechomekea. Fundi wa friji, shati jeupe. Amesimama langoni. Nimemwambia aingie, mgonjwa yuko palepale. Ameangalia viatu vyake. Nimenyoosha mkono kumsalimu. Ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili, kana kwamba nataka kumpora.

"Hiyo friji imechoka, Mama. Nunua tu mpya."

Hata hajaiona. Daktari gani anatangaza kifo akiwa langoni?

Nilikuwa nimekaanga samaki, ngege mkubwa, wa asubuhi. Amesema ameshiba. Otieno, ameshiba. Amepanda boda boda akaenda zake. Nimekula peke yangu kwa hasira, na samaki wa hasira hana ladha.

Ijumaa, 7 Machi

Awuor amepiga simu kutoka Nakuru. Binti yangu wa pekee, muuguzi, msichana wa maneno machache. Leo maneno yamemwagika. Friji mpya, milango miwili, haina kelele. Tena tuiweke sebuleni, Mama, siku hizi watu wanaweka sebuleni. Nimemuuliza nani kamwambia kuwa yangu imeharibika. Amesema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Ni huyuhuyu aliyelia akiwa darasa la sita baba yake aliposema tuiuze. Vibandiko vyake vya maua bado viko mlangoni. Leo yeye ndiye wa kwanza kuitupa. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kuna kitu hapa. Sijui ni nini, ila nimesimamia mitihani miaka mingi na najua watu wawili wakinakiliana majibu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Njeri kaniletea fundi mwingine, wa Otonglo. Ameingia hadi chumbani na matope yake, akaweka spana juu ya mto wa Baba Awuor. Akasema kompresa kwisha, yeye anaweza kuibeba kama chuma chakavu. Nimemtoa. Kwa adabu, lakini nimemtoa.

Mama Njeri: "Uko na kichwa ngumu, Mwalimu." Nimemwambia ni kigumu. Tumecheka wote wawili. Baada ya hapo nimefua foronya.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Baada ya ibada tulijipanga nje kusalimiana kama kawaida. Otieno aliniona kwenye mstari, akazunguka nyuma ya kwaya. Macho yetu yalipokutana akainamisha kichwa.

Nimeumia. Nimejiuliza nilimkosea wapi. Labda Krismasi, nilipomwambia mbele za watu kwamba atazeeka na bisibisi mfukoni badala ya mke. Ulikuwa utani. Labda mtu kampelekea neno.

Friji naweza kuivumilia. Kinachoniuma ni huyu kijana. Ndiye anayeniuliza nimekula nini. Ndiye anayetaja jina la Baba Awuor bila kushusha sauti, kana kwamba mzee ametoka kidogo tu. Nikinunua friji mpya, isiyoharibika, atakuja hapa kufanya nini?

Hilo ndilo, basi. Nimeliandika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshuka mjini kuangalia friji mpya. Zimejipanga kama darasa la kwanza siku ya kufungua shule, safi, hazijui kitu. Muuzaji ameniambia kwa fahari kwamba ikiwa inafanya kazi huwezi hata kujua kama iko. Nimemshukuru na kuondoka. Nimenunua nyanya.

Jumatano, 12 Machi

Awuor amekuja bila taarifa. Amekaa jikoni akamenya viazi, vilipokwisha akavimenya tena. Nikanyamaza. Nikinyamaza huwa anasema.

"Mama, Otieno hawezi kuingia chumbani kwako."

Nimeuliza kwa nini, mimi mpumbavu.

"Wazee wake wanataka kuja. Kwa ayie."

Nimekaa juu ya ndoo. Ayie ni siku watu wa kijana wanapomjia mama wa msichana na heshima yake, naye akiridhika anasema nimekubali. Na kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake. Hamshiki mkono. Hali chakula ovyo kwake. Anakaa mbali, macho chini. Shati, lango, mkoba, samaki, kwaya. Kijana alikuwa akinipa heshima yote aliyofundishwa na bibi yake, na mimi nikaisoma kama dharau. Mwalimu mzima.

Walitaka niambiwe kwa utaratibu. Shangazi yake Awuor ndiye angekuja na habari baadaye mwezi huu. Friji haikumsubiri shangazi.

Nimekumbuka pia likizo ya Desemba, Awuor alipokuwa nyumbani. Friji iliugua kila juma. Nikadhani ni joto. Na nani alikuwa akishika tochi?

Nimekasirika kwa muda wa chai kuchemka. Kisha nimecheka hadi nikashika ukuta. Kisha nimelia, kwa sababu Baba Awuor angefurahi sana, na angejidai alijua tangu mwanzo.

Nimemwambia Awuor: simkatai. Ila nimepata mkwe na nimepoteza fundi siku moja, na hakuna aliyeniuliza.  Ameniwekea kichwa begani kama zamani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemweleza Mama Njeri. Amesikiliza mila yote, moja baada ya nyingine, akipima sukari. Halafu: "Sasa si utoe hiyo friji nje? Ama friji nayo ni mwiko?"

Nimekaa hapo dukani nikitafuta kosa katika maneno yake. Sijalipata. Mkwe haruhusiwi kwenda chumbani. Hakuna aliyesema chumba hakiwezi kumletea mkwe friji.

Awuor amempigia Otieno. Kijana amekubali kabla Awuor hajamaliza kusema.

Jumamosi, 15 Machi

Wanaume wa stendi ya boda boda wameibeba hadi kibarazani. Mchana wa jua, vibandiko vya maua mbele ya mtaa wote. Nilijisikia kama nimeanika nguo za ndani.

Otieno amekuja na ovaroli yake ya siku zote. Mimi nilikaa mbele ya duka la Mama Njeri, ng'ambo ya ua, leso mabegani, uso nimeugeuza nusu. Mama Njeri alisimama katikati, kwa sababu haifai tupigiane kelele.

"Mwambie siku za mwisho ilikohoa sana kabla ya kuwaka."

"Anasema ilikohoa sana."

"Mwambie taa inawaka."

"Mwalimu, anaskia. Hata wale wa barabarani wanaskia."

Otieno alikuwa ameingiza kichwa nyuma ya friji. Sauti ikatoka humo: "Muulize kama aliipiga teke."

Nimetazama barabara. "Mwambie kidogo tu."

Sikumwona uso, lakini mabega yalitikisika. Nami nikaficha mdomo kwa leso. 

Kompresa ni nzima. Kumbe ni kile kidude kinachoiamsha, kimeungua, na mpira wa mlango umechoka. Amebadilisha vyote viwili. Ameunga waya, tukasubiri. Imekohoa. Chupa hazikuwamo, lakini nilizisikia.

Halafu amefuta mikono na kuongea na Mama Njeri polepole, kwa makini. "Mwambie maro, itaishi. Lakini ikirudi kule ndani, ikigonjeka tena, mimi sitaweza kuifikia. Ikikaa sebuleni nitakuja kila wakati. Na akitaka mpya, ni sawa. Nitakuja tu hata kama haijaharibika."

Maro ni mama mkwe. Hajawahi kuniita hivyo. Mama Njeri hakulielewa neno, akaniletea kama lilivyo. 

Nimempelekea Otieno kichwa cha samaki kwa mkono wa Mama Njeri. Amekila kwenye kibaraza cha Mama Njeri, amenipa mgongo. Kule si kwangu, kwa hiyo hakuna mila iliyovunjika. Paka hakupata kitu.

Jumapili, 16 Machi

Friji bado iko kibarazani, inavuta stima kwa waya mrefu. Mawingu yanakusanyika upande wa ziwani. Haiwezi kukaa hapo.

Sebule yangu ni ndogo. Soketi nzuri ni moja, na mbele yake kuna kiti cha Baba Awuor. Cha mbao, chenye mikono, mto umebonyea. Hakuna aliyekikalia tangu aondoke. Akija mgeni asiyejua huwa namwelekeza sofani kabla hajakisogelea. Jioni alikuwa akikaa hapo na redio, mimi nikiwa chumbani nasahihisha madaftari. Akitaka chai hakuniita jina. Alikohoa. Nami nikajibu "nakuja."

Nikinunua friji ndogo mpya itaingia jikoni na kiti kitabaki mahali pake. Leo nimepima jikoni kwa kamba. Inatosha.

Nimekizunguka kiti mchana kutwa.  Naogopa kukiondoa. Sina sababu nzuri ya kuogopa, ila naogopa.

Jumanne, 18 Machi

Tumekihamisha. Usiniulize nani aliamua, ee daftari. Asubuhi nilimkuta Awuor amesimama nyuma ya kiti, mkono juu ya egemeo, nikafikiria huyu mtoto ataletewa wageni katika sebule hii na baba yake hatakuwepo kuwapokea. Nikashika upande mmoja. Akashika mwingine.

Miguu ya kiti imeacha alama nne sakafuni. Nimezipiga deki, hazikutoka. Basi zikae. Friji imezifunika.

Kiti kiko chumbani sasa, pale ilipokuwa friji. Kimeenea kana kwamba kilipimwa. Mwisho wa siku mvua ikanyesha, kubwa, ya kwanza ya masika. Awuor na mimi tulikula ugali, tukaenda kulala mapema. Hatukuwa na huzuni. Tulikuwa tumechoka kwa kubeba.

Ijumaa, 21 Machi

Awuor amerudi kazini. Shangazi amekuja na habari yake kwa utaratibu, nami nimeshangaa kama inavyotakiwa. Wazee watakuja baada ya Pasaka. Otieno atakaa upande wa friji.

Jioni nimeketi katika kiti cha Baba Awuor kwa mara ya kwanza. Kinanipwaya. Nimeegemeza kichwa pale kilipokuwa kichwa chake, nikafungua dirisha. Majirani wanapika. Maziwa ni mazima.

Sebuleni friji imekohoa.

"Nakuja," nimesema, kabla sijafikiri. Nikabaki nimekaa, nikisikiliza chupa zikigongana.